Cheti cha Siku Tano

Mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya Mkoa wetu wa Simiyu kuanzishwa, niliitwa mjini Bariadi kuhudhuria semina ya ushauri nasaha. Tulikuwa walimu, wazee wa kanisa na akina mama wa vikundi. Kwa siku tano tulifundishwa kusikiliza, kutomkatiza mtu, na kuyarudia maneno yake ili ajue kuwa amesikika. Siku ya mwisho tulipewa soda, posho na cheti. Changu nilikitia fremu nikakitundika sebuleni, juu ya picha ya harusi yangu.

Huku Sapiwi habari haikawii. Mwezi haukuisha kabla watu hawajaanza kuja: ndugu waliogombea shamba, kijana aliyeikataa shule, mzee mmoja ambaye bei ya pamba ilimwacha na deni. Wengi wao walitaka sikio tu. Walisema yaliyowajaa moyoni, wakapumua, wakanishukuru. Wengine waliniletea viazi vitamu. Naam, hapo ndipo kosa langu lilipoota mizizi, katika mafanikio yale. Nilianza kuamini kwamba yeyote aingiaye mlangoni pangu ana tatizo la aina moja, nami ndiye mwenye dawa yake.

Jioni moja kijana mmoja akamleta mkewe. Mtoto wao alikuwa na siku tisa. Mke hakuwa amelala usiku nne mfululizo. Alizungumza haraka haraka, kisha akanyamaza ghafla, kana kwamba kuna mtu anamsemesha nyuma ya ukuta.

"Mwalimu," aliniambia, "wananiambia mtoto huyu si wangu. Amebadilishwa."

Nami, mwanafunzi mwema wa semina, nikayarudia maneno yake: "Unahisi mtoto si wako, mwanangu." Hata leo nikikumbuka mwili hunisisimka. Sauti zile zilikuwa zimemwambia jambo, na mimi, mtu mzima mwenye cheti ukutani, nikawa kama niliyelitia sahihi. Baada ya hapo nilimwasa ajikaze, kwamba uzazi wa kwanza ni mgumu kwa kila mwanamke, na kwamba kila asubuhi ajiambie kuwa yeye ni mama bora. Nikamwagiza mumewe amrudishe baada ya wiki moja. Wiki!

Usiku wa tatu alitoka nyumbani na mtoto. Walipatikana alfajiri, ameketi katikati ya shamba la mtama, wote wawili wazima, mtoto akiwa baridi kama jiwe la mtoni. Mama mkwe wake, ambaye hakuwa na imani na vyeti vyangu, alimpeleka kwa nfumu wa kijiji jirani. Mzee yule aliuliza maswali mawili tu: amejifungua lini, na anasikia nini. Kuku aliyeletewa alikataa kumpokea. "Huyu si wangu," alisema. "Mpelekeni hospitali leo, msingoje kesho."

Kutoka Bariadi alipelekwa Bugando, Mwanza. Alirudi baada ya majuma kadhaa, mwembamba, lakini akimnyonyesha mwanawe na kumwita kwa jina.

Baadaye daktari mmoja alinieleza kuwa ule ni wazimu wa uzazi. Humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, mara nyingi ndani ya majuma mawili ya kwanza, na hutibika vizuri. Lakini ni dharura. Mama anayevuja damu haambiwi arudi wiki ijayo.

Siku hizi simu zimejaa watu wanaojiita makocha wa maisha. Siwadharau wote, mtu anayetaka kupanga biashara yake au kuacha uvivu huenda akafaidika nao. Ila huwasikia wakiwaahidi watu kuwaponya huzuni, hofu na majeraha ya utotoni, tena kwa ada, nami huiona sebule yangu ya mwaka ule. Muuguzi ana baraza linaloweza kumfutia leseni. Hata mganga wa jadi, tunayemcheka, ana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya sheria ya mwaka 2002. Kocha anahitaji jina na bando. Nikikutana na mmoja wao humuuliza swali moja tu: ni mtu gani uliyewahi kumwambia, huyu si wangu? Mpaka sasa wengi hulichukulia kama mzaha.

Cheti nilikishusha. Ukutani pamebaki alama ya mraba, nyeupe kuliko rangi nyingine, na mke wangu hunikumbusha kila mwaka kwamba nimeahidi kupaka. Watu bado huja, nami huwasikiliza. Siku hizi huwauliza kwanza kama wanalala.

Yule kijana, mume wa binti, tukikutana mnadani hunisalimu vilevile: "Shikamoo, Mwalimu." Hajawahi kuniuliza lolote kuhusu jioni ile. Mimi pia sijapata ujasiri wa kuanza.