Dabi ya Fremantle kwa Njia ya Reli

Dabi ya Fremantle huzikutanisha East Fremantle na South Fremantle, klabu mbili za mji mmoja wa bandari katika jimbo la Western Australia. Zote hucheza mpira wa kanuni za Australia katika ligi ya jimbo, WAFL. East ilianzishwa 1898, South ikafuata 1900, na kwa miaka mingi zilitumia uwanja mmoja, Fremantle Oval, mpaka East ilipohamia uwanja wake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mwandishi wa simulizi hii aliifuata dabi hiyo kwa treni kutoka Perth. Reli inaieleza vizuri kuliko jedwali la ligi, kwa kuwa mchezo mkubwa kuliko yote ya watani hawa wa jadi haukuchezwa Fremantle.

Ulichezwa Subiaco, vituo vichache tu baada ya Perth. Kituo kiko chini ya ardhi. Abiria anayepanda juu na kutembea kidogo hukuta nyasi za Subiaco Oval zikiwa zimebaki, lakini majukwaa yake yalibomolewa 2019. Hapo ndipo fainali ya 1979 ilipowaleta watazamaji 52,781, na East wakashinda kwa 145 dhidi ya 112.

Tarakimu hizo zinahitaji ufafanuzi. Kila upande wa uwanja una nguzo nne. Mpira uliopigwa ukapita kati ya mbili za katikati ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, ni pointi 1. East walipata magoli 21 na pointi moja-moja 19. South magoli 16 na pointi moja-moja 16. Kwa hiyo mpira ulipita kwenye nguzo mara 40 upande mmoja na mara 32 upande wa pili, na kwa kila timu karibu nusu ya mara hizo zilikuwa magoli. Anayesema East walishinda kwa kulenga vizuri hajapiga hesabu. Kilichowapa ushindi ni kuufikisha mpira mbele mara nyingi zaidi, na hiyo huwa kazi ya viungo wanaougombea katikati, hata kama sifa huenda kwa wafungaji.

South hawakuwa wanyonge. Kizazi chao kilikuwa na Stephen Michael, aliyetwaa medali ya Sandover ya mchezaji bora wa ligi mwaka 1980 na 1981, na Maurice Rioli, mzaliwa wa Visiwa vya Tiwi kaskazini kabisa mwa Australia. Mwaka 1980 ubingwa ulikuwa wao, baada ya kuwafunga Swan Districts.

Jambo moja la fainali ya 1979 halisemwi sana. Reli ya Fremantle, ambayo imekuwapo tangu 1881, ilifungwa kwa abiria mapema Septemba 1979 kwa amri ya serikali ya jimbo, ikafunguliwa tena 1983. Fainali ilipochezwa treni zilikuwa zimeshaondolewa. Watu wa Fremantle waliotaka kuziona timu zao mbili walilazimika kupita barabarani, sambamba na reli isiyo na abiria. Umati wa ukubwa ule ungekuwa hoja nzuri dhidi ya uamuzi huo, kama kuna aliyetaka kuisikia.

Baada ya Subiaco treni huelekea kusini-magharibi, bahari huonekana karibu na Cottesloe, kisha huvuka Mto Swan na kuingia Fremantle. Kutoka kituoni ni mwendo wa miguu, kupitia mitaa ya soko la zamani, mpaka Fremantle Oval chini ya kuta za gereza lililojengwa na wafungwa waliosafirishwa kutoka Uingereza. Hapa ni nyumbani kwa South, wekundu na weupe. East, buluu na weupe, huja wageni kutoka upande wa pili wa mji. Desturi ni kukutana siku ya mapumziko ya jimbo, mapema Juni.

Wachezaji ni 18 kila upande, kwa robo nne. Kurusha mpira ni kosa: hupigwa kwa mguu au kwa ngumi kutoka kwenye kiganja, na anayekimbia nao hulazimika kuudundisha kila mita 15. Katika mapumziko mashabiki huingia uwanjani na kusogea karibu na duara la wachezaji, wakamsikia kocha akifoka. Ruhusa hiyo haipo katika viwanja vikubwa vya ligi ya taifa.

Ligi hiyo ya taifa ndiyo iliyowapunguza watazamaji wa hapa. West Coast Eagles walijiunga nayo 1987, na Fremantle Dockers wakaingia 1995, wakichukua jina la mji mzima bila kujali mipaka ya East na South. Mechi baina ya hizo mbili, Dabi ya Magharibi, ndiyo inayojaza uwanja wa Perth siku hizi. Klabu kongwe zimeendelea na ligi ya jimbo: South walikuwa mabingwa 2020, na East wakafuata 2023, baada ya kuukosa ubingwa tangu 1998.