Jembe la Mzee

Tulipokwenda Uingereza kwa masomo ya mwaka mmoja, sisi mtu na mkewe, tulipanga katika mtaa mmoja wa Birmingham wenye nyumba zilizoshikana kama mabehewa ya treni. Tulikuwa tumejiandaa kwa baridi, kwa vitabu na kwa Kiingereza cha maprofesa. Kwa wastaafu hatukuwa tumejiandaa.

Lakini ndio waliotupokea. Vijana wa mtaa walipita mbio kuwahi kazini. Wastaafu walikuwa na muda. Siku ya tatu jirani yetu, dereva wa basi mstaafu mwenye miaka 78, alibisha hodi akiwa amekumbatia mumunye lenye ukubwa wa mtoto wa miezi sita. Alitutajia jina lake la kwanza, akataka tumwite hivyo. Tulijaribu, ulimi ukagoma. Mtu wa rika la baba yako utamwitaje jina tupu? Tukamwita Mzee. Alipouliza maana yake, tulimweleza kwamba kwetu ni neno la heshima. Akacheka, akasema kwao uzee hufichwa kama deni, lakini neno letu atalichukua.

Mzee ndiye aliyetufundisha habari za kustaafu Uingereza. Pensheni ya serikali ilikuwa ikianza mtu akifikisha miaka 66, na umri huo ulipangwa kupandishwa hadi 67. Wazee wa zamani walisubiri zaidi: sheria ya mwaka 1908 ilipoanza kutekelezwa tarehe 1 Januari 1909, waliolipwa ni wenye miaka 70 na kuendelea, kiasi kisichozidi shilingi tano kwa wiki. Siku hizi mstaafu hupewa pia kadi ya kupanda basi bure. Ila siku za kazi kadi hiyo huanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi. Basi utawakuta wazee kituoni tangu saa tatu na robo, wamevaa makoti, wanachungulia saa. Likija basi kabla ya muda, mmoja hupanda ngazi na kumwuliza dereva kwa upole, “Nimewahi mno?” Swali hilo limeulizwa mara nyingi hata madereva wakaligeuza kuwa jina la utani la wastaafu wote. Mzee alikuwa amewaita wenzake hivyo kwa miaka mingi. Sasa na yeye alikuwa akiitwa.

Tulipishana naye kwenye chai tu. Yeye aliloweka majani kwenye kikombe, kisha akadondoshea maziwa ya baridi. Sisi tulichemsha maziwa na majani pamoja, tukatia tangawizi. Alikunywa, akanyamaza, akasema ni supu nzuri sana.

Mahali alipopenda zaidi ni shambani kwake. Halmashauri za miji ya huko hukodisha vipande vidogo vya ardhi kwa wakazi ili walime chakula cha nyumbani. Kipande kamili kwa kipimo chao cha kale ni kama mita za mraba 250. Kuna kibanda, birika na viti viwili vilivyochoka. Ijumaa Kuu, tulipotoka kanisani, tulimkuta huko anapanda viazi mviringo, maana ndivyo desturi ya wakulima wengi wa bustani kule. Yeye si mtu wa kanisani. Alitutania kwamba viazi vyake navyo huzikwa Ijumaa, ila kufufuka kwake huchukua wiki kumi na zaidi.

Tulipokuwa tukimsaidia kufukia, aliuliza, “Na baba yenu analima nini?”

Tukajibu kwa fahari, “Halimi tena. Tumempumzisha.”

Aliendelea kusawazisha udongo. Kisha akauliza, “Aliomba?”

Wapendwa, hatukuwa na jibu. Mzee wetu yuko Njombe. Alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu akiwa na miaka 60, na tangu hapo shamba la viazi lilikuwa ndilo darasa lake. Mwaka mmoja kabla ya safari yetu aliteleza shambani akateguka mguu. Watoto tulikaa kikao kwa simu, kila mtu huko aliko. Tuliamua apumzike. Shamba likakodishwa, majembe yakahamishiwa kwa ndugu yetu, na sisi ndio tuliofunga kikao kwa sala. Yeye hatukumwuliza. Alipoambiwa, alisema, “Sawa, wanangu. Ninyi ndio wakubwa sasa.” Tulidhani ni shukrani. Tangu siku ile, kila tulipompigia na kumwuliza hali, jibu lilikuwa moja: “Nipo.”

Usiku ule hatukulala vizuri. Amri ya Nne tuliikariri tukiwa watoto wa kipaimara, na sasa tunawafundisha watumishi wa kesho namna ya kuifundisha. Luther anaieleza kwa maneno mengi: kuwaheshimu wazazi, kuwatumikia, kuwapenda. Sisi tulikuwa tumemtumikia Mzee wetu barabara, tukasahau kumheshimu. Zaburi ya 92 inasema juu ya wenye haki kwamba hata uzeeni wanaendelea kuzaa. Tumeihubiri mara nyingi kwenye ibada za wazee. Kisha tukarudi nyumbani tukaficha jembe.

Asubuhi tulimpigia, tukamwomba radhi. Alikaa kimya muda mrefu hata tukadhani laini imekatika. Kisha akauliza, “Huyo mzee wenu wa Ulaya, amepanda mbegu gani?” Tulizungumza dakika arobaini.

Robo ya shamba ilirudishwa. Kijana wa jirani hulima, naye hukaa kwenye kigoda na fimbo yake, anaonyesha. Ndugu yetu anasema haonyeshi tu. Mtu akigeuka, huinuka.

Katika sharika zetu wapo walimu, wauguzi, mafundi na wainjilisti tuliowapigia makofi, tukawapa kitenge na mbuzi, kisha tukaacha kuwauliza lolote. Pengine wengine walitaka kupumzika kweli, na pumziko ni zawadi ya Mungu. Lakini kabla ya kumpangia mzee maisha yake, tumwulize.

Tuliporudi nyumbani, tulimkuta Mzee wetu na udongo kwenye kucha. Tulimpa salamu kutoka Birmingham na picha ya lile shamba. Alivaa miwani, akaitazama kwa makini kama daftari la mwanafunzi.

“Matuta yake yamebanana mno,” akasema. “Mwambieni ayaachanishe.”