Simenti Inayobeba Kisima

Mpwa wangu mpendwa Nekesa,

Mama yako ameniambia umepangwa kwenye kikosi cha simenti cha visima vya mvuke kule Olkaria, na kwamba umesononeka kwa kuwa ulitaka mtambo wa kuchimba. Usisononeke. Kazi uliyopewa ndiyo inayobeba kisima.

Katika kisima cha mvuke, simenti hujazwa nje ya bomba la chuma kuanzia chini mpaka juu, bila kuacha pengo. Maji yakinaswa kati ya bomba la nje na lile lililo ndani yake, kisima kikipata moto yatatanuka, yakose pa kutokea, yalibonyeze bomba la ndani mpaka lifumbe. Kimfuko kimoja tu cha maji kinatosha kuharibu kazi ya miezi.

Ugumu ni kwamba mwamba wa volkano una nyufa nyingi. Lita moja ya rojo la kawaida la simenti ina karibu kilo 1.9, nusura mara mbili ya maji. Uzito huo ukisimama kwenye kisima kirefu hupanua nyufa, rojo likamezwa na lisirudi juu. Ndipo inapotakiwa simenti nyepesi. Mwenye kupenda njia ya mkato ataongeza maji, na simenti hiyo itaganda ikiwa dhaifu, yenye vitundu vingi. Wepesi wa halali hutokana na chembe ndogo mno zenye uwazi ndani, au na povu la naitrojeni.

Kisha kuna joto, ambalo chini kule Olkaria hupita nyuzi 300. Simenti ya Portland peke yake, ikipita nyuzi 110 hivi, hubadilika muundo, ikapoteza nguvu na kuanza kupenyeza maji. Kinga yake ni unga wa silika, kilo 35 hadi 40 kwa kila kilo 100 za simenti. Penye kabonidioksidi nyingi na maji yenye asidi, hata mchanganyiko huo huliwa. Kwa sababu hiyo Toshifumi Sugama na wenzake wa maabara ya Brookhaven, Marekani, walitengeneza simenti ya kalsiamu, alumina na fosfati, iliyotumika visimani Sumatra, Indonesia, mwaka 1997.

Wewe utaanzia kwenye mizani ya rojo. Jaza kikombe, funika mpaka rojo litokeze kwenye tundu la kifuniko, lifute, kisha sogeza kipimo mpaka mkono ulale sawa. Likiwa jepesi kuliko lilivyopangwa, huenda maji yamezidi. Sema hapo hapo, hata kama wakubwa wana haraka, maana likishashuka halirudishwi. Andika kila kipimo na utunze sampuli.

Mwanangu, usikubali kamwe kusaini namba ambayo hukuipima mwenyewe.

Mjomba wako akupendaye,
Wafula