Mizani ya Shule za Kilifi

Kila matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa nchini Kenya, simu huvuka bahari. Mzazi aliyeko Kaloleni au Magarini humpigia ndugu yake aliyeko Maskati au Leeds kumshauri kuhusu mtoto anayefuata. Ndugu huyo, kwa kuwa ndiye mlipa karo, huuliza swali moja tu: shule ipi ni bora? Jibu hutafutwa katika wastani wa alama. Yenye wastani wa 7 huhesabiwa bora kuliko yenye wastani wa 4, na mazungumzo huishia hapo. Ni nadra kuulizwa namba hizo hupima nini hasa.

Katika mfumo wa 8-4-4, shule za umma zilipangwa kwa ngazi, kuanzia za kitaifa hadi za kaunti ndogo, na nafasi ziligawanywa kwa mtihani wa darasa la nane uliokuwa na jumla ya alama 500. Walioongoza waliitwa na shule za juu za bweni. Wengi wa waliobaki walikwenda shule ya kutwa iliyo karibu na kwao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti ilikwisha kuamuliwa kabla mwalimu hajashika chaki. Tuseme mtoto mmoja aliingia na alama 390 na mwingine na 230, kisha wote wawili wakapata C+, ambayo ndiyo gredi ya chini ya kuingilia chuo kikuu. Gredi ni moja, lakini kazi iliyofanywa na shule zao si moja. Orodha ya wastani haioni tofauti hiyo.

Kilifi yenyewe si nchi ya sura moja. Rabai na Ribe, zilizo karibu na Mombasa na zenye minazi, zilijua mapema elimu ya wamisionari: Krapf alihamia Rabai mwaka 1846, na Wamethodisti wakafika Ribe mwaka 1862. Ganze, iliyo bara na yenye ukame wa mara kwa mara, ilibaki nyuma kwa miongo mingi. Mvua ikikosekana huko, njaa huingia darasani pamoja na wanafunzi, na wengine hawaingii kabisa.

Fedha nazo zina mantiki yake. Masomo ya kutwa yalifanywa kuwa bila karo mwaka 2008, na mwaka 2018 ruzuku ya serikali ilipandishwa hadi shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kwa kuwa fedha hufuata idadi ya vichwa, shule yenye wanafunzi 150 hupokea kidogo, ilhali maabara, umeme na mlinzi ni gharama zisizopungua kwa uchache wa watoto. Tume ya Utumishi wa Walimu isipotuma mwalimu wa fizikia, bodi ya shule humwajiri kijana kwa michango ya wazazi wasio na kitu. Serikali ya kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, hushughulikia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi. Haiajiri walimu wa sekondari. Inachoweza kutoa kwa urahisi ni basari, na basari mara nyingi humsaidia mtoto kuondoka kijijini kuliko kuijenga shule aliyoiacha.

Kuna pia mzigo wa lugha. Mtoto wa Ganze huzungumza Kigiriama nyumbani na Kiswahili sokoni, kisha huulizwa kemia kwa Kiingereza. Mwalimu wake hufundisha somo na lugha ya somo kwa kipindi kimoja.

Haya hayamfanyi mlipa karo kuwa mkosaji. Mpwa wake ana maisha mamoja, na chuo kikuu hakipokei maelezo kuhusu ukame. Hata hivyo, yako maswali yanayoweza kuulizwa kwa simu hiyohiyo: waliingia wangapi kidato cha kwanza, na wangapi kati yao walifanya mtihani wa mwisho? Wasichana walioacha masomo walikwenda wapi? Yupo mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa, au wanabadilishana vibarua? Walioingia na alama za chini walitoka na nini?

Majibu yake ndiyo yanayotenganisha shule inayofundisha na shule inayochagua tu. Yana uzito pia kwa michango ya walio ughaibuni, ambayo kwa kawaida huelekea shule kongwe walizosoma wenyewe, zenye mabasi na majina. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo: shule ya kutwa ya Ganze haina wahitimu wengi Maskati wala Leeds wa kuisemea. Sasa masomo ya sekondari ya juu, yaliyoanza Januari 2026, yanamtaka mwanafunzi achague mkondo wa sayansi, wa jamii au wa sanaa na michezo. Pasipo maabara wala mwalimu, uchaguzi huo utakuwa umefanywa na mahali alipozaliwa.