Bulengo: Baba wa Sake na filamu ya sanduku la dhahabu

Jioni katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, kama mvua haikunyesha, watoto walikuwa wakikusanyika mbele ya hema la baba mmoja wa watoto wanne aliyetoka Sake. Hawakuja kula, maana cha kugawa hakikuwapo. Walikuja kusikia filamu. Televisheni haikuwapo, umeme haukuwapo. Alikuwapo yeye tu, amekaa juu ya jiwe la volkano, na mikono yake miwili iliyogeuka ndege, bunduki, mlango unaovunjwa.

Baba huyo, mwenye umri uliopita kidogo miaka arobaini, alifika hapo na familia yake mwezi wa Februari 2024, vita ilipokaribia Sake. Walibeba godoro moja, sufuria mbili na bidoni la maji. Filamu nazo, anasema akicheka, hazikuhitaji mtu wa kuzibeba.

Televisheni ya kwanza aliiona kwa mjomba wake mjini Goma, wakati nchi ingali inaitwa Zaire. Anachokumbuka ni mwanzo wa habari za jioni, namna sura ya Mobutu ilivyokuwa ikishuka kutoka mawinguni. Aliuliza kama rais anakaa huko juu kweli. Mama yake alimfinya, akanyamaza.

Mapenzi yenyewe yalianzia Sake, mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika nyumba ya video. Ilikuwa kibanda cha mbao chenye viti virefu bila mgongo, televisheni moja, kideo cha kaseti na jenereta iliyofungwa nje kwa mnyororo. Asiye na pesa alichota maji kwa mwenye nyumba, au alikwenda kununua mafuta ya jenereta, ndipo akapewa nafasi chini, mbele kabisa, shingo ikitazama juu. Yeye alichota maji sana. Kwa bidoni hizo aliona Bruce Lee na Van Damme, na aliona *La Vie est belle* ya mwaka 1987, ambamo Papa Wemba ni kijana wa kijijini anayefika Kinshasa kutafuta bahati yake katika muziki. Wakubwa waliambiana kwa fahari kwamba mmoja wa waliotengeneza filamu hiyo, Ngangura Mweze, ni mzaliwa wa Bukavu. Siku hiyo watu waliimba hata baada ya jenereta kuzimwa.

Lakini filamu ya moyo wake ni *Commando*, ya mwaka 1985, ile ya Arnold Schwarzenegger. Pale Sake waliiita Komando tu, na yeye anahesabu kwamba aliiona zaidi ya mara ishirini.

Kaseti ilikuwa ya Kiingereza. Kando ya televisheni alisimama mwanaume mwembamba, fimbo mkononi, aliyekuwa amesafiri na malori hadi Kampala na hivyo, kwa watu wa Sake, alijua Kiingereza. Wote walimwita Mfasiri. Alisema kwa sauti ya kila mtu: ya baba, ya mtoto, ya mwizi, hata ya ndege ikipaa. Nani angembishia?

Kwa maneno yake, Komando alikuwa askari aliyechoka na vita, akarudi milimani kukata miti na kulea binti yake wa pekee. Anapoonekana na gogo begani, Mfasiri alisema huyo ametoka kupasua mbao Masisi, na watu walipiga makofi. Kisha majambazi wanamteka binti, kwa sababu baba yake alificha sanduku la dhahabu chini ya mgomba. Wanampandisha Komando ndege akalichimbue. Yeye anamuua mlinzi wake ndani ya ndege, anamfunika kofia usoni kama mtu aliyelala, halafu anaruka wakati ndege inapaa. Ana saa kumi na moja tu za kumpata mtoto kabla ndege haijafika. Saa ya mkononi inahesabu. Watoto wa Sake walihesabu pamoja nayo.

Sanduku halikuonekana hata mara moja. Mara ishirini alilingoja. Mfasiri alieleza kwamba dhahabu haipendi kupigwa picha, na jibu hilo liliwatosha.

Mwaka 1996 vita ilifika, kibanda kilifungwa, mbao zake zikaisha katika majiko ya watu. Mfasiri alionekana mara ya mwisho akielekea upande wa Walikale na mzigo kichwani. Tangu hapo hakuna aliyeleta habari yake.

Siku moja, kijana mmoja aliyekuwa akichaji simu za watu kambini alikuwa na Komando ndani ya simu yake, iliyotiwa sauti za Kifaransa. Baba alimwita binti yake mkubwa, ambaye alimaliza shule ya msingi kabla ya kukimbia, amfafanulie maneno. Walikaa bega kwa bega, kioo kikiwa kidogo kama kiganja. Walipofika kwenye majambazi, baba alitangulia kusema: sasa wanadai sanduku.

"Hapana, papa. Hawasemi hivyo."

"Wanasema nini basi?"

"Wanataka aende kumuua rais."

Aliomba wairudishe nyuma. Binti alisikiliza tena, akarudia yaleyale: rais wa nchi fulani, na anayewatuma ni mtu aliyepinduliwa, anayetaka kurudi madarakani. Dhahabu haipo, wala mgomba.

Kwanza alikasirika, kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji kwa miaka thelathini. Baadaye, usiku, akiwa hapati usingizi, alikumbuka jambo ambalo utotoni halikuwa na maana. Pale mbele, kwenye kiti cha kwanza, kila mara alikaa askari mmoja aliyeingia bila kulipa. Mfasiri alimwachia nafasi hiyo hata nyumba ikijaa. Wakati wa Mobutu, nani angesimama mbele ya askari na watu sitini akitamka kwa sauti kubwa kwamba rais auawe? Pengine yule mtu hakujua Kiingereza kabisa. Pengine alikijua vizuri sana. Sasa hakuna wa kuulizwa, maana wengi waliokaa kwenye viti vile wametawanyika, na wengine wamekufa.

Asubuhi alimsimulia binti yake habari za Mfasiri tangu mwanzo: fimbo, sauti ya ndege, na ule mwisho, ambapo jenerali anamwomba Komando arudi jeshini. Katika simu Komando anakataa kwa maneno machache tu. Kule Sake alimjibu jenerali kwamba maharagi yake yamekwisha kuota magugu, anakwenda kuyapalilia. Binti alicheka mpaka mama yake akachungulia nje ya hema.

Jioni watoto walifika kama kawaida, wakaomba Komando. Baba alianza: milima, gogo, binti, gari za majambazi zinapanda. Alipofika kwenye kile wanachokidai, alisita, akamtazama binti yake aliyekuwa akipepea makala kwa kipande cha katoni.

"Papa," alisema bila kuinua kichwa, "sema ile ya sanduku."