Manika: Pima Kwanza, Ndipo Uwashe

Barabara inayotoka katikati ya Kolwezi kwenda Manika haina utulivu. Malori ya migodi yanapita yakiacha vumbi jekundu juu ya miembe, pikipiki zinajipenyeza pembeni, na kina mama wamepanga unga wa mahindi na samaki wakavu kando ya njia. Manika ni mojawapo ya komuni mbili za mji huu. Nyingine ni Dilala. Nimefika kwenye ukumbi wa mtaa, jengo refu la matofali lenye paa la mabati, ambamo watu hufanyia harusi, mikutano, mazoezi ya kwaya na matanga. Leo hakuna shughuli. Vyombo vyote vya umeme vimetolewa na kupangwa mezani ili vipimwe.

Kuna amplifaya, maikrofoni, feni, birika la umeme, taa za jukwaani na ralonji nyingi, yaani nyaya za kurefusha umeme, zilizosokotana. Friji ya vinywaji imevutwa mbali na ukuta. Fundi ni mzee aliyefanya kazi migodini. Msaidizi wake ni msichana wa shule ya ufundi, anayeandika kila kitu kwenye daftari. Msichana anainua ralonji ya kwanza.

"Papa, hii iko muzima. Inawaka."

"Inawaka, ndiyo, mama. Angalia kwanza."

Wanaikagua kwa macho na vidole, ikiwa haijachomekwa popote. Katikati kuna kiungo kilichozungushiwa utepe. Utepe unapobanduliwa, nyuzi za ndani zinaonekana nyeusi kwa kuungua, na plagi imepinda kwa joto. Kasoro nyingi za vyombo vya umeme hujulikana hivyo, kabla kipimo hakijaguswa: ganda lililochanika, plagi iliyolegea, harufu ya kuungua. Kisha fundi anakwangua waya kwa kisu. Juu una rangi ya shaba, ndani ni mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 61 tu ya shaba, hivyo waya wa unene uleule huchemka mapema ukibebeshwa mzigo uleule. Msichana anaandika: ikatwe.

Amplifaya ndiyo iliyonishtua. Waya wake ulitoka kiwandani na nyuzi tatu, lakini mtu aliyetaka uingie kwenye soketi ya matundu mawili alikata ule wa ardhi. Muziki uliendelea kutoka vilevile, basi hakuna aliyejali. Kumbe uzi huo ndio njia ya umeme uliopotea: waya wenye umeme ukigusa bati la chombo, umeme hushuka kwa uzi huo hadi ardhini, na swichi ya kinga hukata. Usipokuwepo, bati linabaki na volti 220 zinazoweza kufuata waya hadi kwenye gitaa au maikrofoni ya chuma. Mwimbaji aliyesimama peku kwenye saruji iliyotoka kupigwa deki, kiganja kikiwa na jasho, ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini. Swichi nzuri za kinga huwekwa zikate umeme ukivuja miliampia 30, kwa sababu ukipita kifuani zaidi ya hapo moyo unaweza kupoteza mwendo wake. Balbu ya wati 10 huvuta zaidi ya hizo.

Baada ya macho, zamu ya kipimo. Fundi anapeleka volti 500 kati ya nyuzi za umeme na mwili wa kila chombo. Ganda zima halipitishi karibu chochote. Kipimo kinatakiwa kusoma angalau megaomu 1. Feni inafaulu, friji inafaulu. Birika linashindwa vibaya, maji yameingia kitakoni.

"Wiki iliyopita tu lilitupikia chai ya matanga," anasema mama mwenyekiti wa kamati.

"Mama, hatari ilikuwa inatungoja," anajibu fundi.

Nyuma ya ukumbi kuna fimbo ya chuma iliyopakwa shaba, imezikwa udongoni kupokea umeme uliopotea. Sasa ni kiangazi, na udongo mkavu hupitisha umeme vibaya. Fundi anamwaga ndoo ya maji na namba ya ukinzani kwenye kipimo inashuka. Anaeleza kwamba maji hayo ni ya leo tu. Panahitajika fimbo ndefu zaidi itakayofikia udongo wenye unyevu mwaka mzima.

Mji huu umeishi na umeme mkubwa kwa muda mrefu. Mtambo wa Nzilo kwenye mto Lualaba ulijengwa katika miaka ya 1950 kuhudumia migodi, na njia ya umeme ya kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga imeishia hapa Kolwezi tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Shaba ya mkoa huu inakwenda kuwa nyaya za dunia nzima. Hata hivyo, ukubwa wa mitambo haumlindi mtoto anayepita juu ya ralonji iliyochubuka. Tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme ulikatika na kuangukia soko la Matadi-Kibala mjini Kinshasa. Watu 26 walikufa, wengi wao kina mama wachuuzi. Waya wa njia kuu hauko mikononi mwa kamati ya mtaa. Ralonji iko.

Ndiyo maana nilifurahi kuona yaliyofuata. Fundi alikata plagi za vyombo vyote vilivyoshindwa ili asitokee mtu wa kuvichomeka tena kwa haraka ya sherehe. Mwenyekiti aliuliza fedha za vipya zitatoka wapi. Kamati ikakubaliana kutenga sehemu ya kodi ya ukumbi, na swichi ya kinga ikawekwa ya kwanza kwenye orodha.

Kosa la umeme nyumbani hutishia familia moja. Ukumbini linatishia mtaa mzima, na watu waliokuja kwa mwaliko hawana namna ya kulijua. Kwa hiyo jukumu ni la anayepokea kodi. Awe na fundi wa kukagua, daftari la matokeo, na ujasiri wa kutupa kilichoshindwa hata kama kinawaka. Nawe unayetafuta ukumbi wa harusi ya mwanao, omba kuona daftari hilo kabla hujauliza bei.