Nyumba ya Zamani kwa Mpya: Angalia Unachoongeza

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu wa Nairobi anaweza kusimama Gikomba dakika ishirini akipigania shilingi mia moja kwa viatu vya mtumba. Anashika kiatu, anakirudisha, anajifanya anaenda, anaitwa. Lakini mpeleke mtu huyo huyo kwa ofisi yenye kapeti na viti laini, mpe bei imechapishwa kwa karatasi nzuri, na adabu yote inamwingia. Anauliza tu, "Nisaini wapi?" Kadiri kitu kinavyokuwa ghali ndivyo tunavyonyamaza. Hiyo tabia inatukula pesa mingi.

Nasema hivi kwa sababu ya shangazi yangu. Yeye ni nesi Uingereza, karibu na Leeds, na nyumba yake ndogo ameilipia kwa shifti za usiku miaka kumi na saba. Sasa watoto wamekuwa wakubwa, nafasi imeisha, akapenda nyumba mpya kwa mtaa ambao bado unajengwa. Kampuni inayojenga ikamwambia: tuachie yako, tutoe thamani yake kwa bei ya hii mpya, wewe uongeze kilichobaki. Huko ni kitu cha kawaida. Akanitumia karatasi zote kwa WhatsApp, maana kwa familia yetu mimi ndiye wa mahesabu.

Wazo lenyewe unalijua. Enda yadi yoyote ya magari Ngong Road, utaambiwa uache gari lako na uongeze pesa juu. Yadi ya kwanza inauza gari milioni 1.5 na inalipa lako 600,000. Ya pili inakuchangamkia, "Boss, lako tunalipa 700,000!" Unafurahi kabla hujaona kwamba gari kama lile lile wameliandika milioni 1.65. Kwa ya kwanza unaongeza 900,000, kwa ya pili 950,000. Waliokusifia gari ndio waliokula zaidi. Bei ni mbili, lakini pesa inayotoka mfukoni mwako ni moja: nyongeza.

Sasa rudi kwa Anti. Nyumba mpya, pauni 320,000. Yake ya zamani, kampuni ilisema itaichukua kwa 200,000. Nyongeza, 120,000. Kampuni kama hizi kwa kawaida hutuma maajenti wawili au watatu kukadiria nyumba ya zamani, halafu mara nyingi ofa inakaa chini kidogo ya bei ya soko. Si wizi. Wanakununulia haraka, hungoji mnunuzi ambaye anaweza kuhepa dakika ya mwisho, na hulipi ajenti. Lakini haraka hiyo ina bei, na bei hiyo lazima uijue kabla ya kukubali.

Tulifanya hivi. Anti aliita ajenti wake mwenyewe, ambaye hana undugu na kampuni. Akasema nyumba inaweza kuuzwa 212,000. Toa malipo yake, asilimia 1.5 na kodi ya VAT juu, karibu 3,800. Anti angebaki na kama 208,200. Kumbe haraka ya kampuni ilikuwa inamgharimu karibu pauni 8,200. Hapo tukapata kitu cha kuongea.

Nikamwambia, "Anti, waombe." Akacheka. "Mwanangu, huku si Gikomba. Huku bei ni bei."

Anti si mwoga. Amelea watoto watatu ugenini. Lakini ukikaa nchi ya watu unaogopa kuonekana mtu wa fujo, na wauzaji wanafaidika na huo uoga hata kama hawajui umetoka wapi. Ukweli ni kwamba Waingereza wenyewe huomba. Wanaomba tu kwa sauti ya chini.

Kuna kitu kingine nilichomwonyesha. England bei za nyumba zilizouzwa huwekwa wazi kwa rejista ya serikali, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Ndiyo maana kampuni inaogopa kushusha bei iliyoandikwa: jirani wa kesho ataiona na ataitaka hiyo hiyo. Kwa hivyo usipigane na ile namba kubwa peke yake. Omba vitu visivyoonekana kwa hiyo namba: walipe kodi ya stempu, waweke sakafu, wapandishe ofa ya nyumba yako. Na uombe wakati kampuni inakaribia kufunga hesabu za mwaka au nusu mwaka, maana hapo muuzaji anataka jina lako kwa orodha yake.

Anti aliandika barua pepe moja, mistari sita, bila kuomba msamaha hata mara moja. Baada ya siku nne wakajibu. Bei ikabaki 320,000. Ofa ya nyumba yake ikapanda hadi 203,000. Wakakubali kulipa kodi ya stempu, ambayo kwa nyumba ya bei hiyo, kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, ni 6,000. Wakaongeza na kapeti. Jumla ni 9,000 bila kuhesabu kapeti. Ile 8,200 ya haraka ikarudi na chenji.

Zawadi kama hizo lazima benki inayokukopesha ijulishwe, kwa hivyo kila kitu kiwe kwa maandishi. Na nyumba mpya pia ina bei ya upya wake, kama gari linalotoka yadi: ukiiuza mapema unaweza kupata chini ya ulicholipa. Anti anapanga kukaa, kwa hivyo hilo halikumsumbua sana.

Kilichonigusa ni alichosema baadaye. Alikadiria kwamba 9,000 ni shifti nyingi za usiku ambazo hatazifanya. Hakuzitaja kama pesa. Alizitaja kama usingizi.

Kwa hivyo wewe unayeanza kazi leo, ukinunua simu, pikipiki au ploti kwa mtindo wa kuacha yako na kuongeza, uliza swali moja kwanza: jumla naongeza ngapi? Wakuandikie. Linganisha na sehemu ya pili. Halafu omba, na ukishaomba, nyamaza wajibu wao.